Kifaransa cha mama: tuanzie kwenye karatasi ya dawa



Swali linalorudi kila mara tunapokutana ni hili: mama ambaye hakupata masomo, na sasa anataka kujua Kifaransa, aanzie wapi? Wengi wanafikiri lazima kuanza na salamu, halafu kupanda polepole. Sisi hatuoni hivyo. Bonjour hapa Ndosho hata mtoto wa maternelle anaijua. Tuanzie kwenye karatasi zinazoingia nyumbani mwetu bila kubisha hodi, na ya kwanza ni karatasi ya dawa. Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, lakini lugha ya serikali ni Kifaransa, na muganga akishika kalamu anaandika Kifaransa.

Kwa Kiswahili tunasoma kila herufi. Mtu akishajua silabi, anaweza kusoma hata neno ambalo hajapata kulisikia. Kifaransa kinaandika herufi nyingi na kusema chache. Petit tunasema "peti". Trois fois, yaani mara tatu, tunasema "trwa fwa", na s zote mbili zinanyamaza. Herufi ya mwisho mara nyingi inalala hivyo. Zinazopenda kusikika mwishoni ni c, r, f na l, kama katika sac, soir, neuf, sel. Mkisahau, kumbukeni AVEC zetu za kuweka akiba. Jina hilo linasomwa sawasawa na neno avec, "pamoja na", na hatujasikia mama hata mmoja akisema "ave".

Sasa sauti ya u. Ile u yetu ya "kula" wao wanaiandika ou. Wakiandika u peke yake, ni sauti nyingine ambayo Kiswahili hakina. Semeni "i", msisogeze ulimi, kisha vuteni midomo mbele kama mnapuliza moto wa makala. Hiyo ndiyo u yao. Fanyeni mbele ya kioo, hata kama watoto watacheka. Kwa sauti hiyo, dessus ni juu. Kwa sauti yetu, dessous ni chini. Mtu akiwaambia dawa hii ni ya watoto au-dessus de 5 ans, ni wale waliopita miaka 5. Akisema au-dessous de 5 ans, ni wadogo ambao hawajafika hapo. Midomo tu ndiyo inatenganisha hao wawili. Sikio likisitasita, ulizeni palepale kwa Kiswahili: "Juu ya miaka 5, ao chini?"

Vilevile poisson na poison. Neno la kwanza ni samaki, lina s mbili, na tunatamka s. La pili ni sumu: s moja kati ya vokali mbili inageuka z. Mama anayeuza sambaza asikosee hapo, wateja watakimbia!

Kuna jambo moja linalotutia wasiwasi kuliko matamshi yote, nalo ni saa. Kwenye karatasi mtaona: 1 comprimé toutes les 8 heures. Mama anaona 8, anaona heures, anafikiri ni saa nane, na mtoto anapewa kidonge kimoja kwa siku nzima. Mwingine anajua kwamba saa 8 ya Kifaransa asubuhi ni saa mbili yetu, anampa saa mbili, basi. Naye pia hajafika. Neno la kuangalia ni toutes les, "tut le". Likitangulia saa, maana yake ni "kila baada ya". Kwa hiyo ni kidonge kimoja kila baada ya saa nane: mtoto akinywa saa mbili asubuhi, cha pili ni saa kumi za mchana, cha tatu ni saa sita za usiku. Vidonge vitatu kwa mchana na usiku. Na kama imeandikwa 12 heures, ni viwili. Hapo pia sikio liwe macho: deux heures na douze heures zinafanana sana mtu akisema haraka. Ya kwanza ni "de-zer", ya pili "du-zer".

Tuguse sarufi kidogo. Kwetu katazo liko mwanzoni: usimpe, usimeze. Mtu akifungua kinywa tu, tumeshajua anakataza. Kifaransa kinatumia maneno mawili, ne na pas. Kwenye karatasi yote mawili yanaonekana, kwa mfano Ne pas avaler, "usimeze", ambayo mtaikuta kwenye dawa ya kupaka. Lakini katika kusema haraka, ne inapotea na pas peke yake inabaki: faut pas donner, "usimpe". Mama aliyeshika donner tu atampa. Kwa hiyo msikilize "pa". Ni neno fupi, na ndilo linalobeba amri yote.

Neno lingine dogo ni à. Une cuillère à café si kijiko kilichojaa kahawa. À inaonyesha kijiko ni cha kazi gani: ni kile kidogo, chenye kipimo cha ml 5. Cuillère à soupe ni kikubwa, ml 15. Mkichanganya hivyo viwili, mtoto atapata dawa mara tatu ya ile aliyoandikiwa. Kama chupa imekuja na kikopo chake cha kupimia, kitumieni hicho na vijiko mviache jikoni.

Le na la zisiwanyime usingizi. Kiswahili kina ngeli nyingi na mnazitumia bila kufikiri. Kifaransa kina mbili tu, ya kiume na ya kike. Mama akisema le table badala ya la table ataeleweka, na hakuna mtoto atakayeugua kwa ajili hiyo. Tutazirudia siku nyingine.

Kazi ya juma hili: tafuteni karatasi moja ya dawa ya zamani, mtoto wa darasa la tano ao la sita aisome kwa sauti, ninyi mrudie nyuma yake. Tafuteni ndani yake fois, toutes les, na pas. Halafu matin, midi, soir (asubuhi, adhuhuri, jioni), pamoja na avant na après, kabla na baada ya chakula. Mkutano ujao mje nayo, lakini mfunike jina la mgonjwa.

Juma lijalo ni hesabu za Kifaransa. Hapo sisi Wakongomani tuna bahati: tulirithi septante na nonante kutoka kwa Wabelgiji, wakati Wafaransa wanaosema redioni wanahesabu "sitini na kumi" wakitaka kusema sabini.