Anayejitolea kufundisha asimwache mtoto mlangoni

Ukipita Makongeni mjini Thika Jumamosi asubuhi, hasa wakati wa likizo, utawakuta watoto wamekaa kwenye viti virefu katika ukumbi wa kanisa, madaftari mapajani, wakifundishwa kusoma na kuhesabu na vijana waliowatangulia kidogo tu kimasomo. Ruiru nako hali ni hiyo hiyo. Wanaofundisha hawalipwi hata senti. Baadhi yao ni wanafunzi wa vyuo, wengine makarani au mafundi wa viwandani, na wachache ni walimu waliostaafu. Kinachowatoa nyumbani ni imani yao.

Jambo hili ni jema, nami naliunga mkono. Hata hivyo, lina kasoro moja ambayo hatuisemi hadharani, pengine kwa kuwa ni vigumu kumkosoa mtu anayetoa wakati wake bure. Kasoro yenyewe naijua kwa sababu niliwahi kuifanya.

Kwanza tukumbuke kwamba dini na kusoma katika nchi yetu ni ndugu wa tangu zamani. Wakikuyu wa mwanzo wa karne iliyopita waliwaita Wakristo athomi, yaani wasomaji, na neno hilo limetokana na kusoma kwa Kiswahili. Nchini Uganda waumini wa kwanza waliitwa abasomi. Huko pwani, mtoto wa Kiislamu alijua alifu na bee chuoni kabla hajaiona shule ya serikali. Kwa babu zetu, kuingia dini na kushika kitabu vilikuwa karibu kitendo kimoja.

Thika yenyewe ni shahidi. Shule ya Vipofu ya Thika ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka wa 1946, wakati ambapo watu wengi walimwona mtoto asiyeona kuwa wa kukaa jikoni tu. Shule ya Upili ya Mang'u, iliyo karibu na mji huu, ilianza mwaka wa 1925 huko Kabaa chini ya wamisionari Wakatoliki wa Roho Mtakatifu. Hata shule ya Jumapili, tunayoidhania kuwa mahali pa nyimbo na hadithi za Biblia tu, haikuanza hivyo. Robert Raikes alipoanza kazi hiyo katika mji wa Gloucester, Uingereza, mwaka wa 1780, nia yake ilikuwa kuwafundisha kusoma watoto waliofanya kazi siku sita kwa wiki na kupumzika Jumapili pekee. Thika nao ni mji wa viwanda na mashamba ya mananasi, na mzazi anayerejea jioni amechoka hana nguvu za kumsikiliza mtoto akisoma. Haja aliyoiona Raikes bado ipo kwetu.

Sasa niungame. Mwaka wa 2003, serikali ilipofuta karo katika shule za msingi na madarasa yakafurika, nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Wakati wa likizo nilijiunga na kundi la vijana wa kanisa moja mjini Thika tuliokuwa tukifundisha kila Jumamosi. Nilipewa mvulana wa darasa la tano. Alisoma kwa sauti kubwa, bila kusita, nami nikadhani hana tatizo. Siku moja nilifunika picha zilizokuwa ukurasani, naye akanyamaza. Kumbe alikuwa amekariri kitabu kizima kama kasuku, herufi hakuzijua.

Tulianza upya, silabi kwa silabi. Jumamosi ya saba alisoma sentensi ambayo hakuwa ameiona kabla, akacheka peke yake. Wiki iliyofuata chuo kilifunguliwa, nikaenda zangu. Sikumuaga. Sikumkabidhi kwa mwenzangu yeyote. Niliporudi baada ya miezi mitatu, mama aliyetunza funguo za ukumbi aliniambia, bila kunilaumu, kwamba mtoto yule alikuja Jumamosi tatu mfululizo, akakaa mlangoni hadi adhuhuri. Ya nne hakuja. Sikumwona tena.

Kwa miaka mingi nilijiliwaza kwamba angalau nilimpa Jumamosi saba. Leo siamini hivyo. Mtoto ambaye maishani ameachwa na watu wengi hujifunza jambo baya zaidi kutoka kwa yule aliyemjia kwa upendo kisha akatoweka: hujifunza kwamba hastahili kurudiwa.

Kwa kuwa isimu ndiyo kazi yangu, msomaji aniruhusu nilitazame neno lenyewe. Kujitolea limejengwa juu ya kitenzi toa. Limeongezwa -ji-, inayomrejelea mtenda mwenyewe, kisha likatiwa katika kauli ya kutendea, ile inayodai tujue tendo linafanywa kwa ajili ya nani au nini. Sarufi haikubali tuishie kwenye -ji-. Lakini wengi wetu tunaishia hapo hapo: najitolea ili nijisikie mwema, ili nipate barua ya kutafutia kazi, ili kundi letu lipigwe picha na watoto mbele ya bango. Yule anayetolewa husahaulika, ilhali nusu ya neno ni yake.

Basi tufanyeje? La kwanza ni kudumu. Kijana asiahidi mwaka ikiwa anaweza miezi mitatu tu. Aahidi miezi mitatu na aitimize. Akiondoka amwage mtoto uso kwa uso, na amkabidhi kwa mtu ambaye mtoto ameshamzoea. Kundi lenye walimu watano wanaorudi ni bora kuliko lenye hamsini wanaopishana. Mkulima wa kahawa wa Ruiru, mahali palipotoa aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11 mwaka wa 1985, anajua kwamba mche hautunzwi kwa Jumamosi moja.

La pili ni kumfundisha mtoto kuanzia pale alipo, si pale darasa lake linapodai awe. Nchini India, katika wilaya ya Jaunpur, shirika la Pratham liliwapa vijana wa vijijini mafunzo mafupi ya kufundisha kusoma, nao wakaendesha madarasa ya bure nje ya saa za shule. Watafiti waliochunguza kazi hiyo, miongoni mwao Abhijit Banerjee na Esther Duflo waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 2019, waliona kwamba watoto waliohudhuria walipiga hatua kubwa katika kusoma. Tatizo ni kwamba waliohudhuria walikuwa wachache mno. Kwa hiyo, asiye mwalimu anaweza kufundisha kusoma akielekezwa vizuri. Lakini haitoshi kufungua ukumbi na kungoja. Mtoto wa Kiandutu anayehitaji msaada zaidi huenda ndiye aliyebaki nyumbani akilea mdogo wake.

La tatu ni kuheshimu sheria. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inakataza masomo ya ziada wakati wa likizo, na adhabu yake ni faini isiyozidi Sh100,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Darasa la kanisani au msikitini lisigeuzwe basi kuwa shule ya pili ya mlango wa nyuma. Lisitoze ada. Lisikimbizane na silabasi ya muhula ujao. Kazi yake iwe kusoma, kuhesabu, na kumsikiliza kijana anayetaka kuulizwa habari zake. Tena mafunzo yafanyike mahali pa wazi, mbele ya watu wazima zaidi ya mmoja, ili mzazi asiwe na hofu na mwovu asipate nafasi.

La nne linawahusu viongozi wa dini. Hesabu isiwe chambo. Mtoto wa Kiislamu akija katika ukumbi wa kanisa kufundishwa kugawanya, au wa Kikristo akija kwa jirani zake wa msikitini, arudi kwao akiwa na dini aliyokuja nayo. Imani ya mwalimu itaonekana katika subira yake. Haina haja ya kudai malipo.

Najua walimu wenzangu wana manung'uniko. Wanasema kwamba watu wasiosomea kazi hii huwavuruga wanafunzi, na kwamba serikali ikiona vijana wanafundisha bure itasahau kuajiri walimu. Hofu ya pili ina msingi, na ni lazima tuendelee kuidai serikali haki hiyo. Hakuna Jumamosi inayoweza kuziba pengo la juma zima. Hofu ya kwanza ina dawa. Mwalimu wa darasa na awaandikie wanaojitolea mistari miwili tu: mtoto huyu amekwama hapa, naomba mumsaidie hapa. Mitihani imebadilika, KCPE ya mwisho ikafanywa mwaka wa 2023, na mtaala wa umilisi unataka mwanafunzi aitumikie jamii yake. Lakini hakuna mtaala utakaomfaa asiyeweza kusoma swali.

Kwenu wanafunzi mnaojiandaa kujitolea likizo ijayo, nina ombi. Pwani, somo si kipindi cha darasani tu. Ni pia jina la yule mwanamke mwandani anayemfunda mwari na kumwongoza aingie utu uzima. Sidai kwamba maneno haya yana asili moja. Nasema tu kwamba mtoto wa Makongeni anahitaji yote mawili, na la pili halipatikani kwa kuazima. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini mkishatoa, rudini Jumamosi inayofuata, kwani yuko mtu amekaa mlangoni.