Maneno na Maana Yake: "Hint"

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yasikikayo kila siku kambini, ofisini na hata jikoni, ambayo wengi huyatumia pasipo kuyapima, ni neno "hint". Kwa Kiswahili ni dokezo: kumwelekeza mtu kwenye jambo bila ya kulitaja waziwazi, ili alifikie kwa akili yake mwenyewe.

Asili yake yasemekana ni kitenzi cha Kiingereza cha kale chenye maana ya kushika au kukamata. Katika tamthilia ya Othello, iliyoandikwa na Shakespeare mwanzoni mwa karne ya 17, neno hili lina maana ya nafasi ya kusema. Kutoka kushika hadi kudokeza ni safari ndefu, lakini alama yake ingalipo. Waingereza husema kwamba msemaji huiangusha "hint", na msikilizaji huichukua. Isipochukuliwa, hubaki palepale ilipoanguka.

Mke wa koplo amwambiapo mumewe, "Baba Asha, watoto wa jirani wamekwisha kushonewa sare za shule," ameangusha "hint". Koplo akijibu, "Nimewaona, wamependeza kweli," kisha akaendelea kunywa chai yake, basi hakuichukua. Huenda amechoka kwa zamu ya usiku, ingawa ni mke gani atakayeupokea udhuru huo!

Dokezo lisichanganywe na kijembe. Asemaye mbele ya wenzake kwamba siku hizi karani wa bohari avaa viatu vya thamani mno, hakudokeza. Ametuhumu, tena kwa namna ambayo akiulizwa ataweza kukana. Tendo hilo Waingereza hulitajia kitenzi kingine, "insinuate", nacho daima kina sumu. "Hint" haina ubaya ndani yake. Yaweza hata kuwa ni huruma, kama pale mwenyeji aanzapo kuzungumzia safari ya alfajiri ili mgeni ajue kuwa usiku umekuwa mwingi.

Jikoni neno hilo humaanisha kiasi kidogo sana, kama vile harufu ya iliki iliyo mbali katika pilau. Likiwa katika wingi, "hints", aghalabu ni mashauri madogo ya kazi, mfano namna ya kuondoa doa la kutu katika shati.

Taabu huja pale dokezo linapotumwa mahali pa taarifa kamili. Mwezi Aprili mwaka 1951, katika Vita vya Korea, Brigedi ya 29 ya Uingereza ililinda eneo la Mto Imjin dhidi ya majeshi ya China yaliyoizidi mno kwa idadi. Batalioni yake moja, ya Gloucestershire, ilizingirwa kilimani. Husimuliwa kwamba Brigedia Tom Brodie alipoulizwa hali na mkubwa wake, Jenerali Robert Soule wa Marekani, alijibu kuwa mambo yalikuwa magumu kidogo. Afisa wa Kiingereza akitamka hivyo, mwenzake wa Kiingereza huelewa kwamba watu wamo katika hatari ya kuangamia. Ndivyo walivyolelewa, kuipunguza shida kwa maneno. Jenerali wa Marekani alisikia kile kilichotamkwa tu: ugumu upo, nao ni kidogo, basi askari waweza kuendelea kushikilia.

Wote wawili walizungumza Kiingereza. Ruhusa ya kuondoka kilimani ilipowafikia askari wale, tarehe 25 Aprili, adui alikuwa amekwisha kuzifunga njia. Wachache waliponyoka. Mamia walichukuliwa mateka, na wengi wa waliosalimika hawakuiona tena nchi yao hadi mwaka 1953.