Mnara Usio na Mahali pa Kuanika Omena

Mnara huu unaujua hata kama hujawahi kukanyaga studio ya usanifu majengo. Una ghorofa thelathini na kitu. Umepinda kidogo katikati, kama mtu aliyelala vibaya akaamka na shingo. Kwenye kila roshani kuna mti. Juu ya paa kuna paneli za sola, chini kuna maduka, katikati ofisi, juu kabisa makazi, na pale mbele kuna Wazungu watatu waliokatwa kutoka picha ya intaneti wakitembeza mbwa. Pembeni mwanafunzi ameandika kwa herufi nyembamba: mnara endelevu wa matumizi mchanganyiko, Upper Hill, Nairobi.

Kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakitundika kazi zao, mnara huu uko ukutani. Mwaka jana ulipinda kushoto, mwaka huu umepinda kulia. Mimi nasema tuutundue. Tena tuutundue sisi vijana wenyewe, hasa sisi tuliotoka miji midogo ambayo haijawahi kuchorwa na mtu yeyote. Mimi ni mtu wa Sindo, Suba Kusini, kaunti ya Homa Bay. Ziwa liko mbele, milima ya Gwassi iko nyuma, na ukitaka kuona twiga hifadhi ya Ruma haiko mbali. Jengo refu kuliko yote tunalolijua vizuri ni mlingoti wa simu.

Hebu tuanze na hilo neno endelevu, manake limefanyiwa kazi nyingi kuliko punda wa Lamu. Saruji peke yake inachangia karibu asilimia 8 ya hewa ya kaboni ambayo binadamu wanatoa duniani kila mwaka. Mnara wa ghorofa 35 ni saruji na chuma kutoka msingi mpaka paa, halafu vioo, na vioo vikishapigwa na jua la ikweta utahitaji mashine za kupoza hewa kutwa nzima. Ukiweka paneli ishirini pale juu umefanya nini? Umempaka mtu mafuta usoni na hajaoga. Na lifti je? Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, mpaka uwanja wa ndege wa JKIA ukaingia giza. Fikiria nyanya yako yuko ghorofa ya 31 na anataka kushuka kununua dawa. Jenereta ya dizeli ndiyo itamshusha. Hiyo jenereta haiko kwenye mchoro, nimetafuta.

Miti ya roshani nayo ina asili yake. Mwaka 2014 pale Milan, Italia, Stefano Boeri alikamilisha minara miwili inayoitwa Bosco Verticale, yenye miti karibu 800. Picha zake zikazunguka dunia, na tangu hapo kila mwanafunzi mwenye kompyuta anapanda msitu ukutani. Kitu ambacho picha hazisemi ni kwamba kule kuna watunza bustani wanaoning'inia kwa kamba kukata matawi, na kuna wenye nyumba wanaolipia kamba hizo. Huku kwetu landilodi hataki kulipia balbu ya ngazini.

Halafu kuna jambo ambalo wenye pesa halisi tayari wamelifundisha bure. Mei 2017 Rais Uhuru Kenyatta alizindua ujenzi wa The Pinnacle, hapohapo Upper Hill, jengo lililotangazwa kwamba lingekuwa refu kuliko yote Afrika, zaidi ya mita 300. Zikaja kesi za kiwanja. Kazi ikakwama. Hao walikuwa na wawekezaji, mawakili na rais mwenye sepetu. Mwanafunzi wetu yeye anachukua kiwanja kilekile kwa panya ya kompyuta, hataji mwenye hati, na anapewa alama.

Tukija kwa matumizi mchanganyiko, hapo ndipo nacheka kabisa. Watu wanaongea kana kwamba ni uvumbuzi uliotua kwa ndege. Njoo Sindo usimame barabarani mbele ya duka lolote. Mbele kuna sukari na M-Pesa. Nyuma ya pazia kuna godoro na watoto wawili wanafanya homuwaki. Kwenye veranda kuna mtu amekodi nafasi ya cherehani moja. Maji ya paa yanaingia kwenye tangi jeusi. Jioni, uani, mama anakaanga ngege na foleni inaanza. Makazi, biashara, kiwanda, hoteli, na mradi wa maji, vyote chini ya mabati thelathini. Miji ya Waswahili iliishi hivyo tangu zamani, Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, mtu analala juu ya duka lake na baraza ya mlangoni ni ofisi, sebule na bunge. Pale Eastleigh, mwanzoni mwa miaka ya tisini, wafanyabiashara Wasomali, wengi wao wakimbizi, walichukua nyumba ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge wakageuza vyumba kuwa maduka, na mtaa mzima ukafuata. Nenda Pipeline leo. Chini kinyozi, mama mboga na duka la gesi, ghorofa ya kwanza kanisa, na juu yake vyumba na vyumba na vyumba, bila lifti, bila jua, nguo zinakauka kwa imani. Huo ndio mji wa matumizi mchanganyiko tulio nao. Ni mbaya, ni mtamu, umejaa watu, na hauko ukutani pale kwenye maonyesho.

Najua jibu litakalokuja. Ardhi inaisha, watu wanaongezeka, Afrika inahamia mijini, kwa hivyo lazima twende juu. Ni hoja ya maana na sitaipuuza. Lakini angalia wanaenda wapi. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya karibu milioni 47.6, na kati yao Nairobi ilikuwa na milioni 4.4. Wengine wote wako kwingine, wengi kwenye vituo vya kando ya barabara ambavyo jana vilikuwa soko la Jumanne na leo vina sakoo, hospitali na ploti zinazouzwa futi hamsini kwa mia. Hapo ndipo mji unazaliwa, na unazaliwa bila mkunga. Mtaro hakuna. Njia ya gari la zimamoto hakuna. Choo cha huyu kiko juu ya kisima cha yule. Tena msongamano si lazima urefu: Pipeline imejaza watu kwa ghorofa saba, nane, na hakuna mtu aliyehitaji kupindisha kitu katikati.

Na hizo ghorofa saba nani anazichora? Tarehe 29 Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, jengo la makazi liliporomoka Huruma, Nairobi, kando ya mto. Watu zaidi ya 45 walikufa. Lilikuwa limeshawekewa alama ya kubomolewa, na bado watu walikuwa wanalipa kodi ndani. Hatujakosa ujuzi wa kuchora mnara wa mita 200. Britam imesimama pale Upper Hill na haitikisiki. Tulichokosa ni mtu aliyesomea kazi hii ambaye anaona fahari kuchora jengo la kawaida la mtu wa kawaida, nguzo zikawa na unene wake na dirisha likafunguka.

Wanafunzi siwalaumu sana. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alisoma usanifu majengo kwenye chuo kimoja ambacho sitakitaja. Kwa mradi wake wa mwisho alitaka kuchora jengo la ufukweni Sindo, la kuanikia omena na kulaza wafanyabiashara. Alipima kiwanja kwa hatua, akakaa na akina mama siku tatu. Nilimpigia baada ya kukutana na jopo.

"Wamesemaje?"

"Wamesema hilo ni banda. Ati halina uzito wa mwaka wa mwisho."

"Na wewe?"

"Sasa ningefanya nini, brathe? Nimechora tower. Wiki tatu. Wameipenda."

Hiyo ndiyo shida yenyewe. Jopo linaheshimu urefu. Ofisi za Nairobi zinapoajiri zinataka kuona picha zinazong'aa. Mwanafunzi ana akili timamu, anafanya hesabu, anachora kinacholipa. Kwa hivyo usiniambie huu ni uhuru wa ubunifu. Mtu aliyetaka kuchora kitu cha kwao amefundishwa kwamba kwao ni banda.

Sasa mchukue Diébédo Francis Kéré. Kijana wa Gando, kijiji cha Burkina Faso, anasoma usanifu majengo Berlin. Kabla hajamaliza masomo, akiwa mwanafunzi tu kama mdogo wangu, akachora shule ya msingi ya kijiji chao, akachangisha pesa, na mwaka 2001 ikawa imesimama. Kuta ni matofali ya udongo. Paa ni mabati, lakini ameyainua juu, yakaachana na dari, hewa moto inatoka yenyewe na darasa linabaki na ubaridi bila mashine. Wanakijiji ndio waliojenga. Mwaka 2004 shule hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan ya usanifu majengo, na 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupata Pritzker, ambayo kwa watu wa fani hiyo hakuna kubwa zaidi. Kazi yake nyingine iko hapa Kenya, Turkana, kando ya ziwa: kampasi ya Startup Lions, iliyokamilika 2021. Na kweli ina minara! Imeinuka kama vichuguu vya mchwa, na kazi yake ni kutoa joto ndani ya jengo. Mnara wenye kazi, huo sina ugomvi nao.

Mtu atasema, sawa, lakini kibanda cha omena si kitapigwa na mwalimu wa sayansi kwa nusu saa? Huyo hajui omena. Omena huvuliwa usiku, kwa taa, mwezi ukiwa umejificha. Asubuhi akina mama wananunua na kuanika kwenye nyavu zilizotandazwa chini. Jua likiwaka siku moja, una chakula na karo ya shule. Mvua ikinyesha saa nane mchana, una chakula cha kuku, kwa bei ya chakula cha kuku. Hakuna paa. Mji mzima unakula kutokana na kitu kinachokaushwa chini, kwenye mchanga, kando ya mbuzi.

Na kuna jambo zito zaidi ambalo watu wa ziwa tunalisema kwa sauti ya chini: jaboya. Mwanamke mwenye hela mkononi haambiwi bei tu. Ili auziwe samaki anatakiwa pia awe mpenzi wa mvuvi. Amesafiri, usiku umemkuta ufukweni, hana pa kulala penye komeo, hana barafu, samaki wakikaa hadi kesho ni hasara yake. Ataringa na nini? Upande wa Kisumu, ufukwe wa Nduru, wanawake walianzisha kundi la kukataa jambo hilo, wakapata mashua zao wenyewe, wakawa ndio wanaowaajiri wanaume. Ilikuwa mwaka 2011. Halafu 2020 ziwa likapanda, likavunja rekodi ya 1964, na Nduru ikamezwa na maji. Si Nduru peke yake, fukwe nyingi za Homa Bay, Siaya na Busia watu walihama na vitanda kichwani.

Huo ndio mradi wa mwaka wa mwisho. Ghorofa mbili zinatosha. Chini sakafu ya kupokelea samaki inayooshwa kwa ndoo na maji yake machafu yasirudi ziwani, na chumba cha barafu ambacho kuta zake zinahifadhi baridi hata stima ikienda, manake itaenda. Juu vyumba vya wanawake wanaokuja kununua, mlango unafungwa kwa ndani, na chumba cha watoto wao. Juu yake tena vitanda vya kuanikia vilivyofunikwa kwa mabati ya kupitisha mwanga, upepo wa ziwa ukapita pande zote. Msingi usimame kwenye ule udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Bei yake iwe ile ambayo kikundi cha akina mama na usimamizi wa ufukwe wanaweza kuibeba, na fundi wa hapa aweze kuisoma michoro bila kumpigia mtu Nairobi. Hata hati ya kiwanja na iletwe mbele ya jopo, pamoja na jina la atakayeshika ufunguo.

Nani amesema hilo ni jepesi? Ni gumu kuliko kupindisha ghorofa 35, kwa sababu ukikosea kuna mtu wa kukuuliza, tena anajua nyumbani kwa mama yako.

Kwa yule anayeingia mwaka wa mwisho Septemba hii, na ambaye kwao ni Sindo, au Sori, au Mbita, au Karungu: sakafu hiyo ya chini itakaa urefu gani kutoka ardhini? Kwenye kompyuta jibu halipo. Shuka ufukweni asubuhi, wakati wanagawa omena, uulize maji ya 2020 yalifika wapi. Watakuonyesha mti wenyewe.