Klachi Si Mtihani wa Uanaume: Rekebisha Pedali Kabla Hujauza Gari

Nitasema hivi na mnikasirikie kama mnataka: watu wengi wanaouza gari za manyuali wakisema "imenishinda" hawakushindwa na gari. Walishindwa na pedali moja ambayo hakuna mtu aliwahi kuwapimia. Unalipia viatu vya saizi yako, lakini unanunua gari ya spoti na unakubali klachi ya mguu wa mtu mwingine. Halafu ukilalamika, unaambiwa "utazoea." Kwani ni ndoa?

Tangu Safari Rally irudi kwenye WRC mwaka wa 2021, vijana wengi tunaitamani manyuali. Nzuri sana. Shida ni zile stori zinakuja nayo. Ati klachi ngumu ndiyo inaonyesha gari ni ya ukweli. Ati ukiona ni nzito, rudi kwa otomatiki. Binamu yangu ana Toyota 86 na ni mfupi kuniliko. Alienda gereji akasema gari inaruka kila akiondoka na mguu unamuuma kwenye trafiki ya Waiyaki Way. Jibu alilopewa la kwanza: "Hii si gari ya msichana." La pili: anunue klachi mpya nzima, diski, presha plate, bearingi, kila kitu. Hiyo ni pesa ya kodi ya nyumba ya miezi kadhaa. Hakuna mtu aliinama kuangalia pedali.

Sasa wacha tuinamie pamoja.

Chukua hiyo 86 ya kwanza, ile ilitoka 2012, ndugu pacha wa Subaru BRZ. Klachi yake inafanya kazi kwa mafuta. Ukikanyaga, fimbo ndogo iliyo nyuma ya pedali inasukuma pistoni ya silinda ya juu, mafuta yanasukuma silinda ya chini kwenye gia boksi, na klachi inaachia. Lakini kuna kitu kingine pale juu ya pedali: springi ya kusaidia. Mwanzoni mwa safari ya pedali, springi hiyo inakataa kidogo, inaurudisha mguu juu. Ukishapita katikati inageuka upande wako na inaanza kukusukumia pedali chini. Waliitengeneza hivyo ili mguu usichoke, na kwa hilo inasaidia.

Bei yake ni hii: uzito wa pedali unabadilika njiani, na kwa madereva wengi unabadilika karibu na pale klachi inaposhika. Mguu wako unatafuta ujumbe wa klachi, unapata ujumbe wa springi. Ndiyo maana mtu ambaye alibalansi klachi vizuri kwenye pikapu ya shule ya udereva anaingia kwenye gari hii na inaruka kama sungura. Si ati amesahau kuendesha.

Kabla hujatoa hata shilingi, fanya vitu viwili vya bure. Kwanza, kiti. Kanyaga klachi mpaka mwisho. Goti likinyooka kabisa, uko mbali, na unasukuma kwa vidole badala ya mguu mzima. Sogea mpaka goti libaki limekunjwa kidogo. Pili, angalia kapeti. Wakenya tunapenda kuweka kapeti juu ya kapeti. Pedali inagonga mpira kabla haijafika mwisho, klachi haiachii yote, gia zinalia, na lawama inaenda kwa gia boksi.

Hiyo ikikataa, ndiyo sasa tunaenda kwa fimbo. Fimbo ya pedali ina nyuzi na nati ya kufunga. Unalegeza nati, unazungusha fimbo, unafunga tena. Ukiifupisha, klachi inashika chini zaidi, karibu na sakafu. Ukiirefusha, inashika juu zaidi. Weka alama kwa rangi ya kucha kabla hujagusa chochote, ili ujue nyumbani ni wapi. Zungusha nusu mzunguko, jaribu, kisha ndiyo uendelee. Mwenye haraka hapa ndiye hununua klachi mpya.

Nasema hivyo kwa sababu barabara hii ina mtaro pande zote mbili. Ukifupisha sana, klachi haiachii kabisa hata ukikanyaga mpaka chini. Dalili yake: gari imesimama, injini inanguruma, umekanyaga mwisho na kungoja sekunde kadhaa, halafu ukiweka rivasi inakwaruza. Ukiendelea hivyo unazila sinkronaiza za gia boksi polepole.

Ukirefusha sana, ni mbaya zaidi kwa sababu huoni haraka. Pedali lazima iwe na uhuru kidogo pale juu, milimita chache ambazo unazisukuma kwa kidole kabla hujakutana na upinzani. Kipimo kamili kiko kwenye kitabu cha ufundi cha gari yako. Uhuru huo si uzembe. Ndio unaoruhusu pistoni irudi mwisho na kufungua tundu la mafuta. Ukiumaliza, mafuta yakipata moto yanapanuka na hayana pa kurudi, yanaisukuma klachi kidogo hata kama mguu wako uko kando. Klachi inaanza kuteleza. Uko gia ya nne, unakanyaga mafuta, mshale wa injini unapanda na spidi haipandi. Hapo unaichoma, na pua yako itakwambia. Kwa hivyo ukimaliza kurekebisha, endesha mpaka gari ipate moto, kisha pima ule uhuru tena. Hakikisha pia gari inawaka tu ukiwa umekanyaga klachi, kwa sababu swichi ya kuwashia inategemea pedali ifike chini.

Na ile springi? Kuna watu wanaitoa kabisa. Pedali inakuwa nyoofu, unasikia kila kitu, lakini inakuwa nzito, na wengine wanapata haipandi vizuri mpaka juu. Mimi naona njia ya katikati ina akili: springi laini zaidi iliyotengenezwa kwa hiyo gari. Lakini iwe hatua ya mwisho. Usinunue springi kutibu kiti kilichowekwa vibaya.

Kuna kitu kimoja sitaki mtu anukuu vibaya. Marekebisho ni ya kuifanya pedali nzima ikufae, si ya kuficha ugonjwa. Pedali ikiwa laini kama sponji, kuna hewa kwenye mafuta. Ikizama yenyewe ukiikanyagia, au mafuta yakipungua, silinda inavuja au kupitisha. Ikiwa ilikuwa nyepesi na miezi hii imekuwa nzito, inawezekana klachi yenyewe imechoka. Hapo fundi yuko sahihi, lipa. Kuzungusha fimbo ili usogee mbele wiki mbili ni kujidanganya, na siku itakapokuacha itakuacha kwenye mlima wa Mai Mahiu, lori nyuma yako.

Najua kuna wanaosema kiwanda kinajua kuliko sisi, tuache gari jinsi ilivyokuja. Naheshimu hiyo, lakini hainishawishi. Kama kiwanda hakikutaka iguswe, mbona kiliweka nyuzi na nati? Kiti kinasogea, usukani unapanda na kushuka, vioo vinageuka. Wahandisi walijua miguu haifanani. Tena hizi gari nyingi zinatufikia zikiwa zimetumika Japani kwa miaka. Hujui nani aliigusa hiyo fimbo kabla yako, wala alikuwa na urefu gani.

Kwa hivyo mafundi, mteja akisema klachi inamsumbua, msimtazame jinsia wala umbo. Mwambieni akae, muangalie goti, mpime uhuru, kisha ndiyo mfungue kitabu cha bei. Kazi yenyewe haimalizi saa moja. Atarudi kwenu miaka yote kwa huduma, na atawaletea marafiki.

Na wewe unayeandika tangazo la kuuza usiku huu kwa sababu gari "imekukataa": ngoja mpaka asubuhi. Chukua tochi, inama chini ya dashibodi, sukuma pedali kwa kidole uone uhuru wake uko wapi. Ukishapima na bado huipendi, uza kwa amani. Lakini usiuze kwa sababu mtu alikwambia mguu wako si wa hiyo gari.