Kuku wasifukuzwe Mafia

Nimesoma makala inayowataka wenye bustani za nyumbani hapa Mafia wauze kuku wao, eti ni waharibifu. Napinga. Kuku anaparua miche kwa sababu hakuzuiwa, na kisiwa cha wavuvi hakikosi nyavu kuukuu: zungusha kwenye vigingi, chini ziba kwa makuti, mchicha umepona.

Mwandishi amesahau mchanga wetu. Ukiumwagilia asubuhi, adhuhuri umekauka. Haushiki maji wala rutuba. Mbolea ya kuku ndiyo inayoujenga. Lakini usiimwage mbichi, itaunguza miche. Changanya na majani makavu, uiache wiki kadhaa mpaka ipoe, iwe nyeusi na ile harufu kali iishe. Hapo utaona bamia zinavyobeba.

Hoja yake ya mdondo ina uzito, maana ugonjwa huo hufagia banda zima kwa siku chache. Ila kinga ipo: chanjo ya I-2, inayostahimili joto kuliko chanjo nyingi, tone moja jichoni, kila miezi 3. Majirani wachangie kichupa. Jioni kuku wakishaingia kulala, mmoja anashika, mwenzake anadondosha, wanasubiri jicho lipepese ndipo wamwachie.