Pumba Bila Maji? Utalia!

Wiki hii mnisamehe, sina la mapenzi wala la viatu vya mtumba. Nina la ndama. Ndiyo, ndama!

Mwezi uliopita shangazi yangu wa Kitunda alikwenda msibani, akaniachia mifugo siku nne. Ana ng'ombe wawili wa bandani (kanuni za mjini za mwaka 1992 ziliruhusu wasizidi wanne) na ndama jike wa wiki tano. Yule ndama ndiye ada ya shule ya binamu yangu huko mbele.

Mimi mtoto wa Mchikichini, niliyezoea kelele za Karume, nikajiona bingwa. Asubuhi lita mbili za maziwa, jioni lita mbili, katikati pumba na mashudu. Maji? Nikamnyima. Maziwa si maji tosha? Halafu kule maji yananunuliwa kwa ndoo, bwana!

Siku ya tatu mtoto wa watu kagoma kula. Kalala, macho yameingia ndani. Nikampigia bwana mifugo, akaja na pikipiki. Akamfinya ngozi ya shingo, ikabaki imesimama vilevile.

"Kijana, huyu ana kiu."

Nikapewa darasa palepale. Ndama akinyonya, kuna mfereji unajikunja na kuyapeleka maziwa moja kwa moja kwenye tumbo la nne. Tumbo kubwa, zinakoingia pumba, halipati kitu. Na humo ndimo vijidudu vinavyochachua chakula, navyo bila maji havifanyi kazi. Maji ya ndoo ndiyo yanayoingia humo. Kadiri ndama anavyozidi kula vikavu ndivyo anavyozidi kuhitaji maji: kilo moja ya chakula kikavu inataka kama lita nne, na kwa joto la Dar zaidi ya hapo. Akikosa, anaacha kula. Asipokula, hakui.

Kwa aibu nikabeba ndoo nzima nimpe. Bwana mifugo akanidaka mkono. Ndama mwenye kiu kali akibugia maji mengi kwa mpigo, chembe za damu zinapasuka, anakojoa mkojo mwekundu, na anaweza kufa. Kumbe hata wema una kipimo! Tukamnywesha kidogo kidogo, maji yenye dawa ya chumvichumvi.

Usiku ule nililala bandani na mbu wote wa Kitunda. Alfajiri nikasikia kitu kinanilamba mkono. Jamani, nusura nilie.

Shangazi aliporudi ningeweza kukausha. Nikashindwa.

"Shikamoo shangazi. Ndama nilimnyima maji, nikibana hela."

Akaniangalia weee.

"Marahaba. Sasa mwanangu, ndoo ya maji bei gani, na ndama bei gani?"

Sikuwa na jibu. Wewe unalo? Tukutane wiki ijayo.