Mabanga: Mgonjwa si ubao wa darasa

Hutokea Mabanga, na hutokea kwingine mjini Goma. Mama anaingia kwenye chumba cha kupimwa na mtoto mwenye homa. Daktari ameketi, wanafunzi wanne wamesimama. Wanaongea Kifaransa juu ya kichwa chake, wanamgusa mtoto mmoja baada ya mwingine, kisha mama anapewa karatasi ya dawa. Hakuna aliyemuuliza kama anakubali. Hakuna aliyemweleza mtoto anaugua nini.

Tabia hiyo ikome.

Hakuna anayeomba wanafunzi wafukuzwe. Chuo Kikuu cha Goma na ULPGL vinafundisha udaktari, na hospitali ya HEAL Africa imelea madaktari kwa miaka mingi. Tena mahali pazuri pa kujifunza ni hapo hapo, kwa wagonjwa wanaopimwa na kurudi nyumbani. Malaria, kuhara, kikohozi, presha: ndiyo magonjwa atakayoyakuta daktari kijana akitumwa Masisi au Walikale, bila mwalimu pembeni.

Lakini wako wanaosema kwamba anayetibiwa bure hana la kuchagua. Ni uongo. Familia zilizokimbia Masisi na Rutshuru zilipoteza nyumba na mashamba. Hazikupoteza haki juu ya miili yao. Azimio la Lisbon la Chama cha Madaktari Duniani linampa mgonjwa haki ya kukataa kushiriki katika mafundisho ya udaktari. Halimtengi maskini wala mkimbizi.

Wengine husema foleni ni ndefu. Kuuliza "Mama, hawa ni wanafunzi, unakubali wabaki?" hakumalizi hata dakika moja. Na akikataa, atibiwe vilevile, bila kununiwa.

Yanayotakiwa si mengi. Wanafunzi wawili wanatosha chumbani, na kila mmoja ataje jina lake. Daktari ampime mgonjwa yeye mwenyewe kabla ya kutia sahihi. Mwishoni, mwanafunzi aeleze ugonjwa na dawa kwa Kiswahili, daktari akisikiliza. Mgonjwa asiyejua Kiswahili atafutiwe mtu wa kumtafsiria. Mwanafunzi anayeshindwa kumwonyesha mama namna ya kumnywesha mtoto dawa bado hajaelewa somo, hata akipata alama nyingi kwa Kifaransa.

Wakuu wa vituo wayaandike hayo na kuyabandika mlangoni, kwa Kiswahili, ili kila anayengoja zamu yake ayasome kabla ya kuitwa.